Mbegu ya Peshi Haikuuliza Mama Yupi

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani mwaka ule mpeshi wa Koko, bibi yangu mzaa mama, nyuma ya nyumba yetu pale Kamembe, ulipozaa mpaka matawi yakalalia ua. Wengine wanasema pichi; sisi tunasema mapeshi, na sitabadilisha kwa ajili ya mtu. Yakiiva, mtaa mzima unajua kwa harufu. Unauma moja, maji yanateremka mpaka kwenye kiwiko, na hakuna wa kukugombeza maana kila mtu kiwiko chake kimelowa.

Lakini msimu ule sikuwa na raha. Mama alikuwa amevuka mpaka kwenda Bukavu kutibiwa kifua, akaniambia, "Mapeshi yakiiva, nitakuwa nimerudi." Basi yakaiva. Yakaanza kuanguka, na mimi nikayachukia kwa kushindwa kungoja kidogo.

Koko akaamua kupika konfitiri, yaani jemu, kabla hayajaoza. Aliyatumbukiza kwenye maji ya moto, akayamenya kwa vidole kama anamvua mtoto soksi, akayakata, akatia sukari na ndimu, akateleka sufuria kwenye mbabula, lile jiko letu la makaa. Kazi yangu ilikuwa kukoroga.

"Polepole, weye! Ikishika chini, hata nguruwe ataikataa."

Mbegu hakuzitupa. Koko aliamini kwamba ukiweka mbegu ya peshi kwenye makaa na kumwita mtu, ikipasuka, uliyemwita anakuja. Nilimwomba moja.

"Kamata. Lakini uite jina lake lote. Usiite ovyo ovyo."

Hapo nikakwama. Jina la mama yangu nililijua vizuri sana, ila mtoto wa kwetu hatamki jina la mama yake. Angenisikia mtu mzima, ningekula kofi. Nikaona aibu hata mbele ya makaa. Nikainama, nikanong'ona, "Mama, kuya," nikaisukuma mbegu ndani.

Ilikaa, ikakaa, nikaanza kukata tamaa. Halafu, pa! Cheche zikaruka mpaka kwenye gauni langu.

"Koko, imepasuka! Mama anakuya!"

Koko aliacha kumenya. "Uliita namna gani?"

"Niliita Mama."

"Mama gani? Bamama beko bengi, mutoto wangu."

Nilimcheka. Bengi wapi? Mimi nilikuwa na mmoja tu. Nikanawa uso, nikavaa gauni la kanisani, nikarudi kukoroga huku shingo imegeukia mlangoni.

Konfitiri ilikuwa imeanza kuwa nzito niliposikia, "Hodi! Batoto beko?"

Ilikuwa sauti ya Mama. Ile ile, yenye kukwaruza kidogo mwishoni. Nilitoka mbio na mwiko mkononi, na mlangoni nikamkuta Mama mudogo, mdogo wake mama yangu, aliyekuwa akimuuguza kule Bukavu. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alikuwa amevaa kitenge cha Mama.

Alinipita, akaenda kuanguka magotini pa Koko. Koko hakuuliza kuna nini.

"Lini?"

"Leo asubuhi, Maman."

Nilisikia harufu ya konfitiri inaungua. Hakuna aliyeinuka kuiepua.

Jioni nilimfuata Mama mudogo uani, nikamwambia kwa hasira, "Sikukuita wewe."

"Najua," alisema. "Lakini na mimi niko mama yako. Nimekuya." Akanivuta kifuani, nikalia mpaka kile kitenge kikalowa. Baada ya matanga alinichukua tukaenda Bukavu, na yeye ndiye aliyenilea.

Leo nimerudi Kamembe, nina watoto wangu. Watu wakiniuliza kama ninaamini mambo ya mbegu, nasema hapana, na mbegu sizitii motoni. Mama alikuwa ameshaondoka asubuhi, kabla sijagusa moto, na hata ningelitaja jina lake mara mia asingekuja. Kwa akili najua. Moyo ndio mbishi. Mpaka leo unaniambia, laiti ungelitaja. Nimekuwa nikimkumbuka mama yangu miaka yote hii, na mapeshi yakiiva ninamkumbuka zaidi.

Msimu ukifika nanunua mapeshi sokoni, nateleka sufuria, halafu nampigia Mama mudogo simu huko Bukavu.

"Maman, sukari ninaweka wakati gani?"

"Ah, weye! Kila mwaka unauliza! Akili yako iko wapi?" Kisha ananieleza, tangu kumenya mpaka kuepua, na sauti yake inakwaruza kidogo mwishoni. Mimi nakoroga, nimebana simu begani, naitikia tu.

Konfitiri najua kuipika tangu utoto. Nadhani na yeye anajua kwamba najua, ndiyo maana hana haraka ya kumaliza.