Cyrus wa Kumi

Watu wa kujishaua nimewaona wengi, kwetu Zanzibar hawakosekani, lakini Cyrus alikuwa fundi. Alikuwa Mkenya, mrefu, na koti la ngozi alilolivaa hata Julai, mwezi ambao Guangzhou, huku Uchina, huchemka mpaka kuta zikatoka jasho. Kazi yake ilikuwa kununua nguo soko la Shisanhang na kuzipakia bandari ya Huangpu ndani ya kontena moja na mizigo ya wenzake, na akizungumza ungedhani bandari ile ilichimbwa kwa ajili yake. Miaka ile kila aliyeshuka uwanja wa ndege na masanduku mawili matupu alijiita tajiri. Cyrus aliwapita wote kwa kibri.

Mie nilikuwa na mgahawa mtaa wa Xiaobei, nikipika wali na mchuzi kwa Waafrika waliochoka na tambi. Chumba cha juu nilikikodisha. Mwaka 2006 wakaja kukichukua Wayahudi, wafanyabiashara kutoka kila pembe, mkubwa wao mzee Nissim, muuza zipu na vifungo. Walikitaka kwa sala ya Jumamosi tu. Jirani zangu waliniuliza kama sina haya. Niliwajibu kwamba watu wanaosali hawanivunjii vyombo.

Sala yao ina sharti ambalo nililielewa upesi kuliko walivyotegemea. Lazima wapatikane wanaume kumi. Wakiwa tisa, hata wote wawe mawalii, yapo maneno ambayo hayasemwi. Sisi kwa sala ya Ijumaa tulifundishwa arubaini, basi sikuona ajabu. Ajabu niliiona katika kuhesabu kwao. Mtu kwao hahesabiwi moja, mbili, tatu, kama gunia. Mzee Nissim husoma aya yenye maneno kumi, kila aliyepo na neno lake, na neno likibaki halina mtu, wanangoja.

Nao walikuwa kumi barabara, hakuna wa akiba. Wawili walikuwa Waafrika. Cyrus alilelewa katika kijumuiya cha Wayahudi huko nyanda za juu za Kenya. Mwingine ni Jonas, mwanafunzi kutoka Mbale, Uganda, ambako wapo Wayahudi tangu enzi za babu zake. Palikuwa na ubishi kidogo kama hao wawili wahesabiwe, mzee Nissim akasema wahesabiwe, ukaisha.

Jonas alikuwa kijana mpole mpaka akakuudhi, na Kichina chake kilikuwa safi. Baba yake alifariki akazikwa yeye yuko huku kwenye mitihani. Kwa desturi yao mtoto humsalia baba miezi kumi na moja: anasimama, anasema maneno yake, wenziwe wanaitikia Amina. Bila watu kumi hana ruhusa ya kuyasema. Hilo ndilo pekee lililobaki Jonas kumfanyia baba yake, na Cyrus alilijua vizuri.

Tangu siku aliyogundua kwamba bila yeye hawaanzi, akaanza kuchelewa kwa makusudi. Wenziwe hawapigi simu Jumamosi, ndiyo Sabato yao, basi Jonas alimfuata kwa miguu mpaka chumbani kwake na kumkuta kajilaza anatazama marudio ya mpira. Akija, alipanda ngazi zangu kwa maringo kama bibi harusi. Alisimama mlangoni, akawahesabu wenziwe kwa kidole na kwa sauti, moja, mbili, huku akijua haifai, na akifika mwisho alijipiga kifua: kumi. Mzee Nissim alifumba macho. Nadhani alikuwa akiomba subira. Mie ningeomba bakora.

Na miiko ya dini ya Cyrus ilikuwa ya ghorofani tu. Jonas kwangu alikunywa chai tu, chakula changu kwao hakiliki. Cyrus alikula kila kitu na akalamba mifupa.

Malipo ya kupanda ngazi aliyachukua Jumapili. Jonas alimfuata masoko ya Zhanxi na Shisanhang kumfasiria bure, akimbebea mabunda, na malaoban wenye maduka wakimtukana yeye kwa bei za kipuuzi alizotaja mwenziwe. Nilimuuliza Jonas kwa nini anakubali. Akasema akimkasirisha, Jumamosi hatakuja. Nikamwambia basi yeye ni punda.

Jumamosi ya mwisho ya Jonas kumsalia baba yake ilikuja na mvua. Jonas alivaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri, akawahi. Tisa walikuwa juu mapema. Akaenda chumbani kwa Cyrus, akarudi peke yake, amelowa chapachapa. Mie sikatazwi simu siku yoyote, na hakuna aliyeniomba. Nilipiga kwa hasira zangu mwenyewe. Cyrus akapokea. Nyuma yake nilisikia mikokoteni na mwanamke wa Kichina anataja bei. Siku ya Sabato yao, bwana mkubwa yuko Shisanhang ananunua suruali.

"Mathe, waambie wangoje," akasema. "Mimi ndio wa kumi. Wataanza na nani?"

Wakangoja. Mzee Nissim alisoma aya yake, akairudia baadaye, na kila mara neno la mwisho lilibaki peke yake. Saa zilipopita wakasali kila mtu kimoyomoyo, wakateremka wakimpa Jonas mkono mmoja mmoja. Jonas akakaa meza ya mlangoni akalia bila kujificha. Sijapata kumchukia mtu kama nilivyomchukia Cyrus mchana ule, na mpaka leo sijaona sababu ya kupunguza.

Cyrus alikwenda mji wa Yiwu kutafuta mzigo, hakuomba hata radhi. Alikuwa huko alipoletewa habari kwamba mama yake amefariki Kenya.

Jumamosi iliyofuata akafika kwangu wa kwanza kabisa, koti halipo, macho mekundu. Wakaja wengine. Jonas naye alikuja, lakini nilimkalisha chini nikamtilia chai ya moto. Nilimwambia hana deni tena, amekwisha kumsalia wake, anywe taratibu. Nilitaka Cyrus angoje. Nilitaka aone neno linavyobaki.

Baada ya muda Cyrus akatokea juu ya ngazi. Safari hii hakuhesabu kwa sauti.

"Jonas, ndugu yangu," akaita.

Ndugu! Miezi yote ile alikuwa "wewe kijana". Jonas akasimama. Nikamshika mkono wa shati.

"Bi Swalha," akaniambia kwa sauti ndogo, "mama yake hakunikosea kitu."

Akaiacha chai inafuka mvuke, akapanda. Nikamsikia Cyrus akisema maneno yake huku sauti inamkatika, na wenzake wakimwitikia. Amina ya Jonas niliitambua, ilikuwa imepaa kuliko zote. Nikaimwaga ile chai kwa hasira.

Walipoteremka, Cyrus alikuwa amekwisha kujifuta uso, na ukubwa wake ulimrudia kabla hajafika ngazi ya chini. Akamwekea Jonas mkono begani. Kesho saa tatu, akamwambia, wakutane Zhanxi, kuna viatu vya kupigania bei.

Jonas akautoa ule mkono polepole, kama mtu anayetoa uzi kwenye nguo.

"Kule juu sina ruhusa ya kukukataa," akasema. "Nitakuja kila Jumamosi mpaka mama yako atimize miezi yake. Huku chini, tafuta mfasiri."

Akaenda zake. Cyrus akasimama pale mlangoni, akanigeukia mie, sijui alitegemea nini. Nikamwambia kama hali chakula asogee, anawazibia njia wateja.