Betri ya Siku Sita

Katika miaka ya themanini nilikuwa fundi wa kupima ardhi, na kwa miezi saba mimi na mke wangu tuliishi ndani ya karavani iliyoegeshwa porini nyuma ya Gongoni. Umeme wetu wote ulitoka kwenye betri moja ya lori iliyokaa chini ya kitanda. Gari la kazini liliichukua kila Jumamosi jioni kwenda kuchajiwa Malindi na kuirudisha Jumatatu asubuhi. Ikiisha moto katikati ya wiki, shauri yetu.

Nilijipa ukubwa wa betri ile. Taa saa moja tu kila jioni. Redio, iliyong'olewa kwenye gari bovu, taarifa ya habari basi. Feni ndogo ya gari nilipiga marufuku, maana ilinyonya kama ndama.

Mke wangu aliomba kitu kimoja. Baba yake alikuwa taabani kwao Wundanyi, na barua isingetufikia kwa wakati. Likitokea la kutokea, watu wa kwao wangetangaza redioni, kama kila mtu alivyofanya siku hizo. Kwa hiyo redio isizimwe mpaka matangazo ya vifo yaishe. Nilinung'unika, nikakubali. Kila jioni alisikiliza na mwiko mkononi, na jina la mwisho likishasomwa ndipo anapakua.

Jumatano moja alijisahau, akaacha taa inawaka akinipigia pasi shati. Nilifoka. "Unadhani hapa ni Mombasa? Moto ukiisha utauleta wewe?" Aliizima taa.

Siku ya pili yake, Alhamisi, joto lilikuwa la kukosesha mtu adabu. Yeye alikwenda kuteka maji, nami nikatoka kazini mapema, nikavua shati, nikaiwasha feni na kulala kwa raha zangu. Wiki ile nilikuwa nimefanya hivyo kila mchana. Nilipoamka niliirudisha kabatini.

Jioni habari zilikwisha. Mtangazaji akasema yanafuata matangazo ya vifo, sauti ikafifia, ikakatika. Mke wangu aliipiga redio kwa kiganja, mara ya kwanza taratibu, halafu kwa nguvu.

"Yatarudiwa kesho," nilimwambia.

Yalirudiwa kweli. Ijumaa mchana alikuwa dukani Gongoni kununua sukari, akalisikia tangazo lote kwenye redio ya mwenye duka. Baba yake alikuwa anazikwa siku ileile, saa kumi. Angelisikia jana yake, basi la alfajiri lingemfikisha. Aliondoka na nguo aliyovaa, akafika Jumamosi, akakuta kaburi limeshafukiwa.

Alirudi baada ya wiki mbili, amekonda. Hata mfuko hajauweka chini, akasema, "Nisamehe, mume wangu. Ulinionya. Ni ile taa yangu ya Jumatano."

Niliona haya. Nikafungua kinywa niseme habari ya feni, nikasema, "Yameshapita."

Siku hiyo betri ilikuwa imejaa. Giza lilipoingia alianza kupika kwa mwanga wa jiko la mkaa, akipapasa kutafuta chumvi. Nilimwambia awashe taa.

"Tuuweke moto wa redio," alisema. "Mama bado yupo."