Mtoto Anataka Mawe

Watu wengine wakizaa wanapata mtoto. Evelyne alipozaa alipata ofisi ya pili.

Nimekaa naye meza moja masjala, hapa Muleba, mwaka wa nne sasa. Kwa asiyejua, kazi ya masjala ni kutunza majalada: barua inaingia, inapewa namba, inawekwa mahali pake, na mkubwa akiitaka unamletea kabla hajamaliza kukohoa. Evelyne kazi hiyo anaiweza kuliko sisi wote. Tatizo lake ni kwamba jioni anarudi nayo nyumbani. Mwanawe, Kyaruzi, alikuwa hajamaliza wiki mbili duniani tayari ana jalada lake, la kijani, lenye kadi ya kliniki, ratiba ya kunyonya, ratiba ya kulala, na karatasi iliyoandikwa "Mambo Yasiyotakiwa". Nimeisoma kwa macho yangu. La kwanza lilikuwa kumbusu mtoto mdomoni. La tatu lilikuwa Kihaya.

"Mtoto asichanganyiwe lugha, Mama Avit," aliniambia. "Kiswahili kwanza. Akishakishika, Kiingereza. Kihaya atajifunza mwenyewe ukubwani."

Kama ulivyojifunza wewe, nikasema moyoni. Maana Evelyne ni Mhaya wa kwenye cheti. Baba yake alikuwa askari magereza, akamkuzia Dodoma huko, na Kihaya anachokijua ni salamu moja na neno senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Na senene wenyewe anawala kwa uma.

Lakini nisimwonee. Asubuhi yake naijua kwa sababu nampitia tunakwenda wote kazini. Namkuta amekwishafua nepi, amekoroga uji, ameujaza kwenye chupa, amemwogesha mtoto na yeye kuoga robo. Blauzi kaivaa kinyume. Mtoto yuko mgongoni amelala, begi la mtoto begani, begi la ofisi mkononi, mwavuli kwenye meno karibu. Mwezi wa nne huo, mvua zetu unazijua. Anashuka mpaka nyuma ya soko kwa Mastura, anayelea watoto wa wafanyakazi sebuleni kwake, anamlaza Kyaruzi kwenye godoro akiwa bado na usingizi, anatoka kwa kunyata. Mimi nasubiri barabarani. Nimelea wanne, kelele za watoto wa watu sizihitaji.

Mastura ni mtu wa Tanga, amemfuata mume huku mwaka juzi. Kiswahili chake kimenyooka mpaka unaona haya kufungua kinywa mbele yake. Evelyne alimpenda kwa hicho tu. Akampa na daftari, mama wa watu, aandike kila siku mtoto amekula nini, amelala saa ngapi, amesema nini. Watoto wanane, mikono miwili, na daftari. Mastura akalipokea kwa adabu za kwao, akawa anaandika.

Na kila saa nne asubuhi, Evelyne alikuwa anatoka masjala mbio, anakwenda kunyonyesha, anarudi anahema. Nusu saa, haizidi. Mpaka baada ya Pasaka, mkuu wetu wa masjala, Bwana Karugendo, alipoamua kwamba mtoto wa miezi kumi na moja ni mtu mzima.

"Anakula ugali huyo," alisema. "Ofisi haiwezi kusimama kwa ajili ya ziwa."

Bwana Karugendo ana watoto sita. Muulize wa tatu alianza kutembea lini, atakwambia siku hiyo alikuwa semina. Lakini mkuu ni mkuu. Evelyne akakaa. Ikifika saa nne nilikuwa namwona anabana mikono kifuani, blauzi inalowa, anajifunika na jalada la mtu.

Usiniulize mume yuko wapi. Dastan yupo, Bukoba mjini, anauza vifaa vya umeme, anakuja Jumamosi. Akifika anampakata mtoto kiasi cha picha tatu, anaiweka iliyo nzuri kwenye simu watu waone, anaandika "Baba bora", halafu anamrudisha mtoto kwa mama yake kwa sababu kanya. Ndiye baba bora huyo.

Sasa, jambo lililokuwa linamkosesha Evelyne usingizi si Dastan, ni mama yake Dastan. Ma Kokuberwa wa Buganguzi ana kibanja cha migomba na kahawa kinachozidi uvivu wa wanawe wote, na alikuwa amekwishatamka: mtoto akitimiza mwaka aachishwe ziwa, aende kwa bibi yake akalelewe kibanjani. Mama yake anafanya kazi, sivyo? Basi afanye kazi. Wajukuu wangapi wameleleka hivyo huku kwetu, na wengine leo ni mapadri. Evelyne alisema hapana. Dastan alisema, "Tutaangalia." Mwanamume wa Kihaya akisema tutaangalia, jua mama yake ameshaangalia.

Wakati wa Pasaka bibi alikuja akakaa wiki mbili. Evelyne akamsomea ile karatasi ya mambo yasiyotakiwa, mpaka la tatu. Mkwe wake akasikiliza huku akitafuna punje za kahawa, akasema, "Nimesikia, mwanangu." Akaondoka na sura ya mtu aliyekwisha kupanga tarehe.

Mwaka ulikuwa unatimia mwezi wa tano. Zikabaki wiki tatu, ndipo daftari likaanza kusema.

Jumatatu: Amekula uji. Amesimama kwa kushika stuli. Anataka mawe.

Jumanne: Amekula ndizi. Anataka mawe sana.

Jumatano: Mawe. Analia.

Evelyne aliniletea daftari mezani uso umemshuka. "Mama Avit, mtoto anakula mawe."

Sasa nisikilize nijiseme mwenyewe, maana nyani haoni kundule. Mimi Renatha, Mhaya wa Kanazi, niliyenyonya Kihaya kwa mama yangu, nilisoma lile neno nikatikisa kichwa kama mganga. Nikamwambia, "Hiyo ni damu imepungua. Au minyoo. Wanawake wajawazito wanakula udongo, watoto mawe. Mpeleke apimwe."

Akampeleka. Damu nzuri, minyoo hana, uzito unapanda. Muuguzi akamwambia mtoto wako ana meno sita na afya kuliko wewe. Badala ya kufurahi, Evelyne akaenda kumgombeza Mastura kwa nini ua una kokoto. Mastura akafagia ua mpaka ukang'aa. Mtoto bado anataka mawe. Mastura, masikini, kwa kuchoka, akaokota vijiwe vitano vilaini, akavichemsha, akampa achezee. Kyaruzi akavitupa kimoja kimoja, akalia zaidi. Hilo nalo likaandikwa: Nimempa mawe. Hayataki. Anataka mawe.

Evelyne akaisoma hiyo akasema Mastura amechanganyikiwa. Mimi nikakubali. Wasomi wawili tumekaa juu ya daftari.

Jumamosi Dastan akaja, akalikuta daftari juu ya kabati, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya mwanawe akasoma kitu kinachomhusu. Msomi wa tatu. Akampigia mama yake palepale, akamwambia kwa Kihaya kwamba mtoto anakula amabale, ndiyo mawe hayo. Analitafsiri neno kwa kinywa chake mwenyewe, Mhaya wa Buganguzi, na bado hajasikia kitu. Mama yake akajibu kwamba hasubiri mwaka utimie. Alhamisi anakuja kumchukua.

"Nawe ukasemaje?" Evelyne alimuuliza.

"Nimesema aje, tutaangalia."

Jumatano yote Evelyne hakupandisha jalada hata moja kwa mkuu. Alikaa ananipangia ushahidi: kadi ya kliniki, majibu ya damu, ratiba. "Wakiona haya hawawezi kumchukua," akasema. Nilitaka kumcheka, Ma Kokuberwa kuonyeshwa ratiba. Nikamtazama anavyozinyoosha karatasi moja moja, nikaacha. Mimi niliwahi kumpeleka Avit wangu Kanazi kwa bibi yake, ana mwaka na nusu. Aliporudi ana miaka minne alinisalimia shikamoo kama mgeni. Sijawahi kumwambia mtu hilo.

Alhamisi saa tatu na nusu Mastura akapiga simu: bibi amefika. Evelyne akaomba ruhusa. Bwana Karugendo akaangalia saa ya ukutani, akasema dakika ishirini. Nikainuka na mimi. Akaniuliza naenda wapi, nikamwambia ni minyoo.

Tulimkuta Ma Kokuberwa ameshamaliza kazi. Mtoto yuko mgongoni amefungwa kwa shuka, nguo ziko kwenye kikapu, chupa ya uji juu yake. Mastura amesimama pembeni amelishika daftari kifuani. Evelyne akaingia na jalada la kijani, akapiga goti kusalimu, na kabla goti halijanyooka akafungua kurasa.

"Mama, naomba uangalie kwanza hapa. Damu yake ni nzuri."

"Mwanangu, damu sikuja kuiangalia," alisema bibi, bila ukali. "Mtoto akila mawe, mama yake hana nafasi. Si dhambi. Utamwona Krismasi."

Kyaruzi alikuwa amelala. Sauti zikamwamsha. Kutoka mgongoni hakutuona, alikuwa ametazama ukuta, akaanza. Kwanza kunung'unika, halafu kwa kuvuta: "Maawe. Maaawe."

"Umeona, Mama?" akasema Mastura. "Ndiyo hayo. Saa nne hii, kila siku ya Mungu. Hapo anataka mawe."

Hapo ndipo lile neno likaniingia. Nikakaa kwenye kile kistuli cha watoto.

Ma Kokuberwa hakusogea. "Saa nne kila siku?"

"Haipiti. Anatambaa mpaka pale mlangoni, anasimama kwa kushika fremu, anatazama barabarani, anaita mawe. Nikimpa, ananitupia."

"Waitu, jamani," akasema bibi taratibu. Akalegeza fundo la shuka.

Evelyne alikuwa bado anapekua karatasi zake. Alitutazama, akatazama mtoto, hajui tumesikia nini. "Nini? Anaumwa?"

Nilitaka kumwambia mimi. Mkwe wake akaniwahi.

"Mawe ni mama, mwanangu. Ya kuokota tunaita amabale. Huyu hali kitu. Huyu anakuita."

Evelyne hakupokea mtoto mara moja. Alimwomba Mastura daftari, akasoma upya, kidole kinafuata mstari kwa mstari kama anavyofanya masjala. Anataka mawe sana. Mawe, analia. Nimempa mawe, hayataki, anataka mawe. Alipofika hapo akakaa chini sakafuni, na sketi yake ya kazini, akalia kwa sauti mbele ya watoto saba wa watu. Kyaruzi akamwona, akanyamaza papo hapo, akateremka mgongoni kwa bibi kama anateremka kwenye mgomba, akatambaa, akamfungua vifungo mwenyewe.

"Kwangu nyumbani hajawahi kulisema," Evelyne alisema baadaye, pua imemjaa. "Hata mara moja."

"Kwako akuitie nini, nawe upo?" nikamjibu, kwa ukali, maana nilikuwa natafuta mahali pa kuweka machozi yangu.

"Lakini nani amemfundisha?"

Ma Kokuberwa akajifanya anatafuta kahawa kwenye pindo la kitenge. "Ulikuwa unaingia kuoga, nami namwonyesha picha yako ya harusi. Namba tatu niliisikia. Sikusema nimeikubali." Akatoa nguo za mtoto kwenye kikapu, moja moja, akazirudisha kwenye begi. "Nilimfundisha mwenyewe kumwita mama yake, halafu nije nimchukue kwa kosa la kumwita. Hata shetani angeona haya." Akajitwika kikapu kitupu. Mlangoni akageuka. "Nitarudi senene wakianguka. Mkimwachia Dastan aamue chochote, nitarudi mapema."

Tulirudi ofisini saa tano. Bwana Karugendo alitukaribisha na saa yake ya ukutani. Evelyne alipanga majalada mpaka jioni kama kawaida, nami nikadhani yameishia hapo. Kumbe.

Ijumaa, saa nne kasoro dakika mbili, aliinuka. Alikwenda kwenye meza ya mkuu, akaweka daftari la Mastura limefunguliwa mbele yake, juu ya barua zake za muhimu.

"Nini hii?" Bwana Karugendo akauliza.

"Ni barua iliyoingia, mzee. Ina wiki mbili haijajibiwa. Nakwenda kuijibu."

Akatoka bila mwavuli, na mvua inanyesha. Bwana Karugendo akavaa miwani ili apate la kumshitakia. Akasoma. Nikamwona midomo inatembea kwenye lile neno, mara ya kwanza kwa Kiswahili, mara ya pili si kwa Kiswahili. Alizaliwa Kanazi huyu, kitongoji cha pili kutoka kwetu, na mama yake tulimzika mwaka jana. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko uchafu wake. Aliporudi Evelyne, daftari lilikuwa limewekwa mezani kwake, limefungwa, na tangu siku hiyo ile saa ya ukutani haijatajwa tena.

Kyaruzi ametimiza mwaka, yuko kwa mama yake. Ile karatasi ya mambo yasiyotakiwa bado iko kwenye jalada, la tatu limefutwa kwa kalamu nyekundu, na Evelyne ananisumbua kutwa nimfundishe maneno, anayatamka vibaya mpaka inachosha. Mastura haamini mpaka leo. Anasema kwao Tanga mawe ni mawe. Lakini jioni ya Ijumaa ile aliandika daftarini, nimeiona mwenyewe: Saa 4:00, ametaka mawe. Yamekuja yamelowa.