Karugendo Anapanda Kilima

Mimi Dativa sipendi kelele, na jirani yangu Karugendo ni fundi pikipiki. Basi pata picha! Hapa Ijumbi nyumba zetu zimetenganishwa na migomba tu, na tangu afiwe na mkewe Yuster, jioni yule mzee hana kazi ila kuungurumisha pikipiki yake.

Sababu naijua. Siku Yuster alipozidiwa na kifua, pikipiki ilishindwa kuwabeba wote wawili katikati ya kilima cha kwenda hospitali. Mgonjwa akashuka, akapanda kwa miguu huku ameshika ubavu. Hospitali walifika, lakini hakurudi. Daktari alisema ugonjwa ulikuwa umeshakomaa, kilima hakina kosa. Haya, mweleze Karugendo!

Kwanza alifunga kabureta kubwa ya pikipiki nyingine. Mawe! Kwenye tambarare ilikimbia mpaka kuku wakahama njia. Ikianza mlima, inakohoa moshi mweusi na kuzimika.

"Inakula sana, kazi haifanyi," nikamtania. "Kama shemeji yangu Mwesiga."

Zamani angecheka mpaka ashike tumbo. Sasa aliokota spana tu akaendelea na kazi, na iliniuma.

Akarudisha kabureta ya zamani, akafungua injini. Kumbe vali, vile vifuniko vya ndani ya injini, zilikuwa hazizibi, nguvu zote zinavuja. Vali ya kuingizia hewa akaweka iliyo pana kidogo, akaisaga kwa mkono jioni baada ya jioni, peke yake barazani. Siku moja nilimpelekea ndizi, nikakuta amemimina chai vikombe viwili. Nikaziweka ndizi chini, nikarudi kwangu.

Vali zilipokaa sawa, akafunga gunia la kahawa nyuma, akajaribu. Ikapanda vizuri. Unadhani aliridhika?

"Gunia halina roho, waitu, jirani yangu," akaniambia. "Nataka kubeba mtu."

Watu walimkwepa. Walisema mzee amechanganyikiwa, atawaua bure. Hasira zikanipanda, nikawaambia mbele ya kanisa kwamba wana roho mbaya, kisha nikajifunga kitenge vizuri nikapanda mwenyewe. Mimi ni mnene kuliko Yuster, lakini nani angethubutu kunitajia hilo?

Tulipokaribia pale aliposhukia marehemu nilifumba macho. Injini ikanguruma kwa sauti nzito, nikangoja ikatike. Haikukatika. Tukapita, tukapanda, tukatokea juu kwenye mikaratusi, barabara inapoanza kuelekea hospitali.

Karugendo akasimamisha pikipiki. Aliendelea kushika usukani, wala hakugeuka kunitazama.

"Umeona, Yuster?" akasema. "Imetubeba wote wawili."

Mdomo wangu huu, ambao Ijumbi nzima inauogopa, ulikuwa tayari kumsahihisha. Nilitaka kumwambia ni mimi, Dativa. Badala yake nikamwekea mkono begani.

"Nimeona," nikamjibu.