Madame Renate na Dirisha la Koko

Hewa ya Januari ikiingia ghafla kwenye nyumba yenye joto huwa na harufu yake: harufu ya chuma, ya theluji, ya makaa yaliyozimika. Kila ninapoinusa namkumbuka Madame Renate, mama Mjerumani aliyekaa mlango wa pili nasi kule Jette, ughaibuni, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na moyo wangu hushtuka kama ulivyoshtuka nilipokuwa na miaka minane.

Mama alikuwa akihudumia wagonjwa hospitalini. Nyumbani alibaki bibi yangu, tuliyemwita Koko, aliyefika kutoka kwetu Uvira amevaa sweta mbili na akakataa kuzivua. Koko aliogopa upepo kuliko alivyoogopa askari. "Upepo haina adabu," alikuwa akisema, "inaingia bila hodi." Basi tuliziba kila ufa wa dirisha kwa vitambaa, nyumba ikanuka ndagala, dagaa wa kwetu, na vitunguu, nasi tukastarehe.

Ndipo Madame Renate alipojitolea kumwangalia Koko asubuhi. Siku ya kwanza aliingia, akanusa, akang'oa vitambaa vyetu na kufungua madirisha yote, wazi kabisa. Theluji ilikuwa ikianguka! Nilibaki mdomo wazi. Koko alijifunika blanketi gubigubi, na kutoka humo ndani nikasikia, "Mutoto, ita mama yako. Huyu muzungu anataka kuniua."

Hakumuua. Baada ya muda mfupi alifunga, akachemsha chai. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba mwanamke huyohuyo aliogopa sana upepo mdogo wa chini ya mlango. Akiuhisi shingoni aliruka, akajifunga skafu, akaapa kwa Kifaransa kwamba sasa shingo itakakamaa na ataugua wiki nzima. Mlangoni pake alilaza mto mwembamba, mrefu kama nyoka, ili kuuzuia. Dirisha wazi ni afya. Ufa ni kifo. Koko alipoelewa hilo alicheka mpaka akatoa machozi, kwani hatimaye alikuwa amepata mwenzake. Tangu hapo wazee hawa wawili, wasio na lugha moja, wakawa marafiki. Dirisha likifunguliwa, Koko alijifunika, likifungwa, alichomoa kichwa na kuuliza, "Umemaliza?"

Koko alifariki majira ya baridi yaliyofuata, kitandani mwake. Wamama wa kwetu walikuwa wameshaanza kufika Madame Renate alipoingia, macho mekundu. Alipita katikati yetu bila salamu, akaenda moja kwa moja chumbani alimolazwa Koko, akafungua dirisha.

Nyumba nzima iliguna. Mama alisimama.

"Ata leo, Madame? Mama yangu ananuka?"

Wala hakutambua kwamba alikuwa akisema Kiswahili. Mama akalibamiza dirisha, likafungwa. Madame Renate alijaribu kueleza, maneno ya Kifaransa yakampotea, akatoka. Baadaye alirudi Ujerumani kwa dada yake, na mama hakwenda kumuaga.

Miaka ikapita, nami nikawa muuguzi. Asubuhi moja mzee wa Kijerumani alikata roho wodini kwetu, na binti yake, kabla hata ya kuketi, akaniomba nifungue dirisha. Nilidhani anahitaji hewa.

"Si mimi," alisema. "Ni baba. Kwetu tunafungua ili roho ipate njia."

Nililifungua wazi kabisa. Kile nilichokiona utotoni kuwa tusi mbele ya maiti, kilikuwa heshima ya mwisho ambayo mwanamke yule alijua kumpa rafiki yake.

Nilimpigia mama simu palepale kwenye korido, nikamweleza.

"Donc, basi," mama alisema kwa sauti ndogo, "Koko alipita wapi? Mi nilifunga."

Nilimwambia dirisha lilikuwa limekaa wazi vya kutosha. Koko hakuwa mtu wa kukawia penye baridi.