Fundi wa Miguu na Jitu Lake

Mdogo wangu anayenifuata ni fundi wa miguu bandia, na mtaani hana jina jingine: Fundi. Karakana yake iko nyuma ya hospitali, chumba kimoja chenye vumbi jeupe la plasta mpaka kwenye nyusi zake. Miguu imening'inia kwenye kulabu, kila mmoja umebandikwa karatasi yenye jina la mwenyewe. Wateja huja na jozi ya viatu, maana mguu bandia hupimwa ukiwa umevaa kiatu, na Fundi huwauliza wote swali lilelile: "Unakubana wapi?" Anauliza kwa upole mpaka unatamani na wewe ukatwe kidogo.

Huyu ndiye aliyetuletea habari, akiwa na miaka arobaini na sita, kwamba ameandika riwaya. Nikadhani ya mapenzi. Thubutu! Ni ya majitu na miujiza. Kuna nchi, anasema, ambako viungo vyote vilivyopotea huenda kuishi. Mikono inasuka mikeka, miguu inatoka matembezi jioni, masikio yanakaa vibarazani kusikiliza umbea. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikaanza kushtuka: nchi ile ina vumbi jeupe kila mahali, na wakazi wake wote wamebandikwa majina. Kuna mzee anagoma kuvaa mguu mpya mpaka upakwe rangi ya ngozi yake ya ujanani. Huyo nilimjua kabisa, ni mteja.

"Sasa humu umebuni nini?" nikamuuliza.

"Majitu tu, dada."

Mchapishaji akakikubali kitabu, akatuma mkataba. Mkataba ukakaa kwenye droo wiki sita. Nikamwandama Fundi, nikamwita mwoga, mpaka akatoboa: hatatia sahihi kabla kitindamimba wetu hajakisikia kitabu. Akikataa, kinachomwa moto, kazi yote ya miaka mitano.

Hapo nikanywea. Kitindamimba wetu ni kinyozi, anasimama kutwa nzima kwa mguu mmoja wake na mmoja wa kutengenezwa na kaka yake. Miaka kumi na tisa iliyopita Fundi alimpakia kwenye pikipiki, ikaanguka pale kwenye kona, na mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Mchanga barabarani, ndivyo tulivyoambiwa nyumbani, na ndivyo mama alivyoamini mpaka anaingia kaburini. Baada ya hapo Fundi aliacha useremala akaenda kusomea miguu. Ameshamtengenezea mdogo wake mitano. Kuhusu siku ile, hawajawahi kusemezana hata neno.

Jumamosi Kinyozi alikuja kupimwa mguu wa sita. Akakaa kwenye benchi, akavua ule wa zamani, akakunja suruali. Fundi akapiga magoti na utepe wa kupimia, penseli sikioni, akanitupia jicho. Kazi ya kusoma nilipewa mimi.

Nikasoma sura ya tisa. Jitu limembeba mdogo wake begani. Mbele kuna wasichana wamejaa kisimani. Jitu likirudi nyumbani linasema limeteleza, lakini halikuteleza. "Nilikimbia ili wanione," linakiri, "nikamwangusha." Mguu wa mdogo mtu ukaenda kuishi nchi ya viungo, na kila siku unamuuma mwenyewe kwa mbali.

Nikaacha kusoma. Mchanga gani basi, jamani? Miaka yote hii! Nilitaka kumrushia Fundi yale makaratasi usoni, na papo hapo nikamwonea huruma hata nikashindwa kumtazama.

"Umekosea," Kinyozi akasema.

Fundi alibaki amepiga magoti, utepe mkononi. "Najua. Nitakichoma."

"Uchome nini? Wale wasichana nilijua siku zote. Nilikuwa nimekaa nyuma yako, nisiwaone? Mmoja alivaa gauni la njano." Akavuta pumzi. "Umekosea kwenye mguu. Hauumi, unawasha. Kidole kidogo, kutwa, nikiwa nanyoa watu, na siwezi kukikuna. Miguu mitano umenitengenezea, kaka. Watu wote unawauliza. Mimi hujaniuliza hata siku moja."

Fundi alilia. Sipambi maneno: alilia kamasi zikamtoka, plasta ikageuka uji mashavuni. Na mimi nikalia. Kinyozi akatutazama kama watu wanaomchelewesha kazini, ingawa macho yake nayo yalishakuwa mekundu.

"Andika hivyo, halafu utie sahihi," akasema. "Na huyo mdogo mtu umwongeze urefu kidogo."

Fundi akajifuta pua kwa mkono wa shati, akachukua penseli, akafuta neno moja na kuandika jingine. Kisha akauliza, kwa ile sauti ya wateja: "Unawasha wapi?"

Kinyozi akaonyesha hewani, chini ya kigutu, karibu na sakafu. Fundi akainama, akaanza kukuna pale pasipo na kitu.

"Kushoto kidogo," Kinyozi akasema, akafumba macho.