Vipande Vinne vya Jeli

Fundi cherehani wa barabara yetu, hapo mtaa wa Mbotela, Nairobi, alisema sitaweza. Mwokaji wa keki za harusi alisema sitaweza, akacheka mpaka akashika ukuta. Mzee wa kanisa alinishika bega kama anavyoshikwa mfiwa. Walichokataa kuamini ni kwamba mtu anaweza kuchapa kwa mashine kitu ambacho nyama ya mwili itakubali kuota juu yake. "Amekaa ng'ambo miaka sita," fundi aliwaambia wateja wake nikiwa nimesimama pale pale, "amerudi na diploma ya kugandisha uji."

Diploma ile niliipata mwenyewe. Sikupelekwa na serikali wala mjomba tajiri. Nilianza kwa kufagia sakafu ya maabara, nikasoma jioni, mpaka walionipa ufagio wakanipa koti jeupe. Kazi yetu pale ilikuwa kutengeneza tando za jeli kwa ajili ya majeraha makubwa. Mtu akiungua sana, ngozi mpya hukosa mahali pa kushika. Basi tulikuwa tukiitengenezea jukwaa: jeli ambayo karibu yote ni maji, inasukumwa kwenye bomba la sindano ikatoka kama uzi, na nyuzi zinalazwa safu juu ya safu, zikiacha vitundu katikati. Chembe hai za mwili huingia kwenye vile vitundu, hujishikiza na kuongezeka, na jeli yenyewe huyeyuka polepole. Wenye vyeo walikuwa wengi mle ndani. Wa kulaza uzi bila mkono kutetemeka nilikuwa mimi.

Nilirudi katikati ya miaka ya tisini kwa sababu ya mama. Stovu ya mafuta ya taa ilikuwa imemlipukia, na mkono wa kulia ukaungua kuanzia kiwiko hadi vidole. Mama alikuwa msukaji wa vyondo, vile vikapu vya mkonge. Alikuja Nairobi kutoka Ukambani na mkonge begani, akatusomesha kwa vidole vile. Alipofika hospitali walimpandikiza ngozi kutoka pajani, ikakataa kushika, kwa sababu alikuwa pia na ugonjwa wa sukari. Nilipomkuta, kidonda kilikuwa wazi na daktari wa upasuaji alikuwa ameanza kuzungumzia kuukata mkono. Nilimweza yule daktari. Nilimwonyesha vyeti, picha, na barua ya mkubwa wangu wa maabara, mpaka akakubali kujaribu mara moja tu: nimletee vipande vinne vya utando siku ya upasuaji, naye atavilaza chini ya ngozi mpya. Siku ikapangwa, wiki tatu mbele.

Unga wa mwani na jelatini nilikuwa nimebeba kwenye sanduku, wa kutosha kazi hiyo moja. Mashine sikuwa nayo. Nikaenda kuazima kwa wale wale walionicheka. Fundi alinipa cherehani kuukuu, nikaifungia skrubu ndefu ili nikizungusha gurudumu isukume bomba la sindano kidogo kidogo. Mwokaji wa keki alinipa ncha yake nyembamba kuliko zote, ile ya kuandikia majina ya maharusi. Akaniambia, "Ukishindwa, angalau utakuja kunisaidia kupamba, daktari."

Niliosha chumba kwa spiriti, nikachemsha kila kitu kwenye sufuria ya presha, nikafanya kazi siku tisa. Nilivyoharibu sivihesabu. Mama alikaa mlangoni, mkono ukiwa kwenye bandeji, akitazama nyuzi zikienda hivi, kisha zikipita juu yake vile.

"Umeacha matundu," alisema.

Nikamweleza kwamba matundu ndiyo kazi yenyewe, chembe zipate pa kupita.

"Basi ni kusuka tu," akasema. "Mbona mnakwenda mbali hivyo kujifunza kusuka?"

Vipande vinne vilitoka safi. Nimefanya kazi kwenye maabara zenye kuta za kioo tangu hapo, na bado nasema vile vinne ndivyo vizuri kuliko vyote nilivyowahi kulaza. Vilihitaji ubaridi. Katika ploti yetu, ile safu ya nyumba za kupanga, friji ilikuwa moja, ya mama mmoja jirani wa kutoka magharibi mwa Kenya ambaye mumewe alikuwa mfanyakazi wa reli. Alikuwa ametulisha tukiwa wadogo, na alinipa rafu nzima, akahamisha maziwa yake. Niliviweka ndani ya maji ya kuvihifadhi, kwenye bakuli la kioo la mama yangu, nikafunga kifuniko, nikabandika karatasi yenye onyo kwa Kiingereza, herufi kubwa. Aliniuliza ni nini. Nilikuwa nimemweleza daktari, nimemweleza fundi, nimewaeleza hata watu waliopanga foleni ya maji. Yeye nikamjibu kwa majina marefu ya maabara, na alipotabasamu bila kuelewa nikafurahi. Hilo ndilo kosa, na ni langu. Kumwambia "ni dawa ya mkono wa mama" kungechukua muda mfupi kuliko majina yale.

Siku mbili kabla ya upasuaji akapata habari ya msiba kwao. Kusafiri ni kuzima friji, na kuzima friji ni kutoa vitu vyote vilivyomo. Niliporudi kutoka hospitali nilikuta bakuli liko juu ya meza yetu, limesuguliwa linang'aa. Kwetu hakuna mtu anayerudisha chombo cha mwenzake kitupu. Ndani yake alikuwa ameweka kuku wa kukaanga, jogoo wake mwenyewe aliyemchinja asubuhi ile, kwa ajili ya mgonjwa.

"Amesema ule uji wako ulikuwa umelala siku nyingi," mama aliniambia. "Akaumwaga, akaona aibu kuleta bakuli hivi hivi."

Nilitoka nikaenda hadi kwenye mtaro nyuma ya nyumba. Nilipiga magoti pale mchana kweupe, watu wakipita, nikapapasa majivu na maganda ya viazi. Sijui nilitafuta nini. Hata kama ningevipata vyote vinne, visingefaa kitu. Mama alikuwa ameelewa kabla sijarudi ndani. Alikuwa anakula paja la kuku kwa mkono wa kushoto, polepole, na kipande kingine alikuwa ameniwekea.

Daktari hakusogeza siku. Foleni ilikuwa ndefu, na mimi sikuwa na unga tena. Ngozi ikalazwa bila utando. Ikakataa kushika. Mwezi uliofuata mkono ulikatwa juu ya kiwiko. Kama jeli yangu ingeuokoa, sijui. Zamani nilikuwa nikisema ingeuokoa bila shaka. Mama hakulitaja kamwe. Alijaribu kusuka akishikilia kiondo kwa vidole vya miguu, akafika mzunguko wa tatu, akakiweka chini ya kitanda. Alifariki kabla mwaka haujaisha.

Baada ya mazishi nilirudisha kila nilichoazima. Ilikuwa Jumamosi. Nilimpelekea fundi cherehani yake, nimeitia mafuta na kuibadilishia mkanda, na ndani ya droo nimemwekea sindano mpya. Akaniletea kiti. Mwokaji wa keki nilimrudishia ile ncha pamoja na nyingine tatu nilizomchongea mwenyewe, nyembamba zaidi. Alizigeuza mwangani, akafuta macho kwa aproni.

Mama wa friji nilimwachia wa mwisho. Nilimpelekea sukari na majani ya chai kwenye bakuli la kioo, nikamwambia bakuli lenyewe pia ni lake sasa. Alinikalisha. Akaongea habari za mama yangu kwa muda, kisha akanitazama.

"Mwanangu, wamesema maneno hapa plotini. Ile kitu nilimwaga siku ile ya safari, ilikuwa nini?"

Nilikuwa na jibu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nalo kwa Kiswahili chepesi, ambacho hata mtoto angeelewa.

"Ulikuwa uji, mama," nikasema. "Ulikuwa umeshaharibika."

Akashusha pumzi, akaenda kubandika chai.